Watoto Wetu na Mji wa Kale wa Gedi

(Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wafasiri wa Serikali katika mkutano wa wazazi na waalimu huko Pwani. Tunayapiga chapa karibu yote, kwa kuwa yanawahusu pia wasomaji wetu wa bara na wa mijini.)



Mimi si mwalimu, wala si mtaalamu wa mambo ya kale. Kazi yangu ni kufasiri. Asubuhi napewa karatasi ya Kiingereza, na jioni yatakiwa iwe imekwisha kuwa ya Kiswahili. Kazi hiyo haina sifa nyingi: ikiwa sawa hapana mtu aionaye, ikiwa na kosa kila mtu huiona. Nami leo nimekuja kuwaeleza kosa langu moja, maana ndilo lililonifikisha hapa.

Miaka michache iliyopita nilipewa kufasiri karatasi ya maelezo kwa ajili ya watoto wa shule wanaokwenda kuyatazama magofu ya Gedi. Ndani yake mlikuwa na habari za kaburi moja lililoandikwa tarehe kwa Kiarabu, mwaka wa 802. Mbele ya hesabu hiyo palikuwa na herufi mbili ndogo za Kiingereza, nami kwa haraka nikazipita. Nikaandika, "Kaburi hili ni la mwaka 802," nikaendelea na mstari uliofuata. Karatasi ikapigwa chapa, ikagawanywa. Baadaye nikakutana na mwalimu mmoja, mtu mpole, akaniambia kwa furaha kwamba watoto wake sasa wanajua kuwa Gedi ina kaburi lenye umri wa miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili. Nilihisi uso wangu ukiwaka. Mwaka huo 802 ni wa Hijriya, nao ni sawa na mwaka 1399 wa Miladi. Kwa neno moja nililoliacha nilikuwa nimelizeesha kaburi la watu kwa karibu miaka mia sita.

Nilipomwambia mwalimu yule, hakukasirika. Alisema tu, "Basi, bwana, njoo uwaambie watoto mwenyewe, mahali penyewe." Nikaenda. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia Gedi, mimi niliyekuwa nimeandika habari zake kana kwamba nimezaliwa humo.

Tulikuwa na watoto arobaini wa shule isiyo mbali na mahali hapo. Njiani niliwauliza ni wangapi kati yao waliopata kuingia. Mikono mitatu ikainuka. Mmoja katika hao watatu alikuwa ameingia kwa kumfuata mbuzi. Hebu fikirini, wazee wangu. Watu hupanda ndege kutoka Italia na Ujerumani, wakalipa fedha nyingi ili wazione kuta hizo, na mtoto anayeziona kila siku kwa mbali akipeleka mifugo malishoni hajui hata zilijengwa na nani. Mimi simlaumu mtoto. Nalaumu zaidi sisi watu wazima, nami nikiwa wa kwanza.

Kwa wale ambao hawajafika, nitaeleza kidogo. Gedi iko kama maili kumi kusini ya Malindi, na kama maili nne kutoka baharini, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mji ulianza kukaliwa kadiri ya karne ya kumi na mbili au ya kumi na tatu, ukastawi sana katika karne ya kumi na tano, na mwanzoni mwa karne ya kumi na saba watu wakauhama wasirudi tena. Ulikuwa na kuta mbili, mmoja wa nje na mwingine wa ndani, na ule wa nje ulizunguka ekari kama arobaini na tano. Ndani mlikuwa na msikiti mkuu, jumba la mfalme, makaburi yenye nguzo, visima vya kina kirefu, na nyumba za mawe ya matumbawe zenye vyoo na mifereji ya kutolea maji machafu. Nyumba hizo leo zaitwa kwa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli. Watoto walipenda sana jambo hili. Mvulana mmoja akasema nyumba yao ikichimbwa itaitwa Nyumba ya Kandambili, na wenzake wakacheka hata kiongozi wetu akasimama kungoja.

Ajabu kubwa ya mji huu ni hii. Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, mwendo wa saa chache tu, wala katika maandiko yao hapana habari ya mji wa Gedi. Msitu ulipoumeza, ulimezwa kabisa. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Kiingereza Unguja, alifika hapo na kuyaona magofu. Kisha mwaka 1948 mahali hapo pakafanywa Hifadhi ya Taifa, na Bwana James Kirkman akapewa kupatunza. Alichimba na kufagia mpaka mwaka 1958. Baadaye pakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa, na mwezi wa Julai mwaka 2024 Gedi ikatiwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu mzima. Lakini wenyeji walipajua zamani sana kabla ya Bwana Kirk, nao walikuwa na desturi zao za kupaheshimu. Wazee wa Kigiriama huwaonya watoto wasicheze humo kwa kuwa mna mizimu iwalindayo waliolala. Mimi nimesomeshwa na wamishenari, na ingedhaniwa kwamba nitalicheka jambo hilo. Silicheki. Penye woga wa namna hiyo watu hawavunji kuta wakachukua mawe ya kujengea vyoo vyao.

Basi tukafika kwenye kaburi lenye tarehe. Kiongozi akanipisha, nikaungama mbele ya watoto arobaini kwamba karatasi yao ina kosa, na kwamba kosa ni langu. Walinitazama kwa mshangao. Nadhani hawajazoea kusikia mtu mwenye tai akisema hivyo. Kisha nikawaeleza kuwa mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao una siku kama 354, hali mwaka wetu wa kalenda hufuata jua, nao una siku 365. Hesabu ya Hijriya ilianza mwaka 622. Nikasema, "Sasa nitafutieni mwaka wa kaburi hili." Wakachukua vijiti wakaandika mchangani. Mia nane na mbili mara 354, wakapata 283,908. Wakagawanya kwa 365, wakapata 777 na mabaki. Wakaongeza 622. Msichana mmoja akapaza sauti, "Elfu moja mia tatu tisini na tisa!" Waalimu mlio hapa mwajua jinsi ilivyo kazi kuwafanya watoto wapende kugawanya kwa tarakimu nyingi. Siku ile waligawanya wakiwa wamepiga magoti, na hapana aliyewalazimisha.

Msichana huyo huyo, alipokuwa akijipangusa mchanga magotini, akaisoma karatasi yangu tena na kuniuliza swali. Alisema, "Hapa umeandika kwamba mji huu ulikuwa wa Waarabu. Na sisi, wakati huo, tulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeyafasiri maneno yale kama nilivyoyakuta. Mfasiri hujitetea hivyo siku zote: si mimi niliyesema, mimi nimepeleka tu. Lakini mtoto hakuuliza maneno ni ya nani. Aliuliza watu wake walikuwa wapi.

Kiongozi ndiye aliyeniokoa. Alikuwa kijana wa huko huko, na kwa upole akatuchukua mpaka msikiti mkuu. Akatuonyesha juu ya upinde wa mlango mmoja alama iliyochongwa katika jiwe: ncha ya mkuki mpana. Akawauliza watoto mkuki wa namna ile ni wa nani. Wakamjibu wote pamoja, maana mikuki ya bapa pana wanaijua. Kisha akatupeleka katika makumbusho madogo, na humo mna vigae vya bakuli za Kichina, shanga zilizotoka Venisi, na vitu vingine vilivyoletwa na jahazi kutoka mbali. Wageni wengi husimama mbele ya bakuli za Kichina. Yeye akatusimamisha mbele ya vyungu vya udongo. Akasema kwamba katika vigae vilivyochimbwa, vya udongo wa nchi hii ndivyo vingi kabisa. Bakuli za Kichina zilikuwa za kupamba na za wageni, lakini chakula cha kila siku kilipikwa katika chungu. Mama mmoja aliyefuatana na mwanawe akasogea karibu, akatazama mikwaruzo iliyokuwa shingoni mwa chungu kimoja, akasema, "Hiki ni kama cha mama mkwe wangu." Hakusema kwa kutaka kusikiwa. Alisema kama mtu aliyekutana na jirani yake katika mji wa ugeni.

Niliporudi nyumbani nikatafuta kusoma. Bwana Kirkman alikuwa mchapa kazi, na bila yeye tusingejua nusu ya haya tunayoyajua. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita Gedi mji wa Waarabu, na hivyo ndivyo walivyofikiri wataalamu wengi wa siku zile. Walipoona nyumba ya mawe na maandishi, walidhani lazima mjenzi ametoka ng'ambo. Wataalamu waliofuata wamelipindua wazo hilo. Kuanzia mwaka 1980, Bwana Mark Horton alichimba Shanga katika kisiwa cha Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa karne ya nane. Maana yake ni kwamba mji ulikua kidogo kidogo, kwa mikono ya watu waliokuwa wakikaa hapo, wala haukushushwa kutoka merikebuni ukiwa tayari. Na mwaka 2023 zikatolewa habari za uchunguzi wa mifupa ya watu wa miji ya kale ya pwani, wengine wao wa Mtwapa na Manda, kazi ambayo Mkenya mwenzetu, Profesa Chapurukha Kusimba, alikuwa mmoja wa wakuu wake. Wachunguzi walikuta kwamba katika watu wengi wale zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa nyingine ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Kiajemi, nao walianza kuoana kadiri ya mwaka 1000. Basi wale waliokuwa wakisema, "Sisi babu zetu walitoka Shirazi," hawakusema uwongo. Lakini bibi zao walikuwa hapa.

Mtoto yule alistahili jibu hilo papo hapo, kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kusimama leo. Kama hapana mtu wa kumwongoza mtoto, mahali kama Gedi pana mawe tu. Na kama anayemwongoza amebeba karatasi ya zamani yenye makosa, basi ni afadhali mawe.

Sasa niseme juu ya viumbe, maana Gedi si kuta peke yake. Mbele ya jumba la mfalme watoto walinyamaza ghafula, wakaelekeza vidole. Katika majani makavu palikuwa na mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ukubwa kama wa sungura mchanga, na makalio yake yakimetameta rangi ya dhahabu. Ni sange. Sange wa namna hii huishi katika misitu ya pwani ya Kenya tu. Ukitafuta duniani pote humpati penginepo. Hula wadudu, huishi wawili wawili, dume na jike katika mtaa wao, na akishtuka huyapiga majani kwa mkia kabla ya kukimbia kwa mbio za ajabu. Watoto walimfahamu. Mmoja akasema kwa uaminifu kwamba kaka yake huwatega. Kiongozi hakumkemea. Alimwuliza kaka yake hupata wangapi, na kama ni wengi kama zamani. Mtoto akafikiri, akasema, "Siku hizi hapati." Kiongozi akaacha jibu hilo likae kimya kati yetu, naye akaendelea mbele. Nilijifunza hapo namna ya kufundisha.

Najua wapo wazee hapa ambao moyoni wanasema: maneno haya ni mazuri kwa mtu anayekuja na gari na kurudi mjini. Msitu ule sisi twakaa kandoni mwake. Tembo hula mahindi yetu. Ukikata mti mmoja wa kujengea, unakamatwa. Ni kweli, wala sitaki kuyapita maneno hayo kama nilivyozipita zile herufi mbili. Hifadhi nyingi za nchi hii ziliwekwa wakati wa ukoloni, na wenyeji hawakuulizwa. Wamasai waliokuwa wakilisha ng'ombe katika nchi ambayo mwaka 1946 ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza katika Kenya, waliambiwa wasogee. Kwa miaka mingi aliyeingia kutazama simba humo alikuwa mwenye gari, na asiye na gari aliona ua tu. Mtu aliyefungiwa nje hawezi kuambiwa kwamba kilicho ndani ni mali yake, akaamini.

Lakini hebu tazameni jambo lililofanyika hapa hapa kwetu. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi uitwao Kipepeo, na makao yake yakawekwa pale Gedi, penye magofu. Wakulima wanaokaa kando ya msitu walifundishwa kuwakamata vipepeo wachache, kuwaacha watage mayai juu ya majani wanayoyapenda, na kuwalea viwavi mpaka kila mmoja ajifunge katika kifuko chake. Vifuko hivyo husafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, ambako watu wamejenga nyumba za vioo za kutazamia vipepeo. Kazi hiyo haina ngoja ngoja, maana kipepeo hatasubiri barua ya idhini. Siku yake ikifika atatoka, awe sandukuni au wapi. Kabla ya hapo wengi wa majirani walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Fedha ya vipepeo ilipoanza kuingia, wengi wakageuza nia, kwa sababu wazazi wa vipepeo hao wamo msituni, na mti ukikatwa kiwavi hana chakula. Kadhalika pale Mida, tangu mwaka 2001, palianzishwa mpango wa kujenga daraja la kamba na mbao katikati ya mikoko ili wageni wapite juu yake kutazama ndege, na malipo yao yakasaidia karo za watoto wa sekondari wa jamii zilizo karibu na msitu. Huo ni ushahidi ambao mzee hawezi kuuita porojo, maana jirani yake amelipiwa.

Tena, jambo hili la kuwafundisha watoto habari za wanyama halikuanzishwa na wakubwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari za Kenya walianzisha vyama vyao vya kutunza wanyama wa porini, navyo vilikuwa vya kwanza vya namna hiyo katika Afrika. Vikaenea shule kwa shule, vikawa na gazeti lao lililoitwa Komba, na motokaa za kuonyesha sinema vijijini. Wapo watu wazima leo, wenye mvi, waliowaona tembo kwanza katika kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani mwa shule usiku, kabla ya kuwaona wa kweli.

Nikiwa katika habari za mahali pa kujifunzia, msidhani Gedi ni peke yake. Mombasa iko Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Iliwahi kuzingirwa miaka miwili na miezi tisa, kuanzia mwaka 1696 mpaka mwaka 1698 Waomani walipoitwaa. Kuanzia mwaka 1895 hata mwaka 1958 ilikuwa jela, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Hapa mniwie radhi, mfasiri hawezi kupita bila kuokota neno. Neno letu "gereza" asili yake ni Kireno, nalo kwao ni kanisa. Sala ilisaliwa ndani ya ngome, na baadaye wafungwa wakawekwa ndani ya ngome, basi neno likahama kutoka altare mpaka pingu. Mtoto akielezwa hayo akiwa amesimama kwenye mlango wenyewe, hatayasahau.

Na watu wa bara wana Olorgesailie, katika njia ya Magadi. Huko mwaka 1942 Bwana Louis Leakey na mkewe Mary walikuta mashoka ya mawe kwa mamia, yametapakaa ardhini kama mahindi yaliyomwagika, nayo ni ya zamani kuliko binadamu wa namna yetu. Walifanya jambo la busara: mengi waliyaacha pale pale yalipolala, ukajengwa ulingo wa mbao wa kupita juu, na mwaka 1947 mahali hapo pakafanywa hifadhi. Kiongozi wa Gedi aliwaeleza watoto wetu sababu ya busara hiyo. Mtoto mmoja alikuwa ameokota kigae na kukitia mfukoni. Kiongozi akamwuliza, "Umekitoa wapi?" Mtoto akatazama nyuma, hajui. Kiongozi akasema, "Basi sasa nacho hakijui." Kigae kikiwa mahali pake chaweza kusema kilikuwa jikoni au kaburini, chini ya kile au juu ya hiki. Kikiisha tiwa mfukoni ni kipande cha udongo tu. Kijana yule alitembea akitafuta mahali pa kukirudisha, na nusura alie.

Waalimu, yapo mambo machache niliyoyaona ambayo yaweza kuwafaa. Andikeni barua mapema kwa ofisa wa elimu wa mahali mnapokwenda, mkaseme umri wa watoto na lugha wanayoisikia vizuri, mkaombe kiongozi wa lugha hiyo. Msiende mahali pengi siku moja. Nimeona magari ya shule yakikimbia Malindi, Watamu na Gedi kati ya asubuhi na alasiri, na watoto wakikumbuka soda tu. Siku moja kabla, mpeni kila mtoto swali moja la kwenda kulitafutia jibu, liwe lake mwenyewe. Wakatazeni kuwapa kima ndizi, maana kima akizoea kupewa hujifunza kunyang'anya, na kima wa Gedi wamehitimu elimu hiyo. Wakatazeni kuandika majina ukutani. Nilikuta jina moja limekwaruzwa katika chokaa iliyodumu miaka mia tano, na mwenye jina hilo, kwa mwandiko wake, alikuwa amefika shule ya sekondari.

Na zaidi ya yote, chukueni wazee. Siku ile tulikuwa na mama mmoja tu, naye kwa neno lake juu ya chungu aliwafundisha watoto, na mimi pia, kuliko karatasi yangu nzima. Mzee ajuaye dawa ya kila mti, ajuaye sababu ya kaya kuzungushiwa msitu, akiketi chini ya mbuyu wa Gedi na watoto thelathini, hapo pana chuo. Misitu ya kaya za Wamijikenda yenyewe ilitiwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2008, na walioitunza hata ikafika hapo hawakuwa na shahada wala bunduki. Lakini wazee hao hawangoji. Kila mwaka twawazika wengine, pamoja na majina ya miti waliyoyajua, na mimi mfasiri sina mahali pa kwenda kuyatafuta baadaye.

Wengine mtaniuliza habari za gharama. Siwezi kusema ni ndogo. Motokaa, malipo ya mlangoni, chakula cha watoto, vyote vyataka fedha, na mzazi mwenye watoto watano shuleni hapangi safari kabla ya kupanga unga. Shule iliyonialika ilifanya hivi: wale walio karibu walikwenda kwa miguu, wakiondoka kabla ya jua kali, kila mtoto na chakula chake. Fedha iliyookolewa ikatumika kwa shule nyingine ya mbali iliyokuja na gari wiki iliyofuata. Si kila shule yaweza kwenda kwa miguu. Lakini ninyi mlio karibu, ambao watoto wenu wamemfuata mbuzi mpaka ndani, hamna udhuru wa gari.

Karatasi ya Gedi nimeifasiri upya. Mwaka wa kaburi sasa umeandikwa mara mbili, 802 wa Hijriya na 1399 wa Miladi, na hesabu yenyewe imeonyeshwa chini ili watoto waifanye wao. Yale maneno "mji wa Waarabu" nimeyaondoa, nikaandika "mji wa Waswahili," na mlango wenye mkuki umetajwa. Kabla haijapigwa chapa nilimpelekea mwalimu yule, naye akampa yule msichana aisome kwanza. Akanirudishia ikiwa na alama mbili za wino mwekundu. Moja ilikuwa kosa la herufi. Ya pili ilikuwa pale nilipoandika habari za sange: ameandika pembeni jina ambalo nyanya yake humwita, kwa Kigiriama, na kuuliza kwa nini silo lililowekwa. Jina hilo limewekwa.

Mwalimu mkuu ameniomba niwatangazie kwamba watoto watakwenda Gedi tena baada ya likizo, nao wataondoka shuleni saa kumi na mbili asubuhi. Mnatakiwa wazee sita wa kufuatana nao, wanaume watatu na wanawake watatu. Anayetaka aandikishe jina lake kwake kabla ya kuondoka hapa leo.